Kwetu Hakuna Kisukari

Mama Bondia alikuwa na ulimi, na ulimi huo ndio uliomuuzia sweta zake. Wauzaji wengine mbele ya lango la hospitali ya wazazi walitandaza nguo za watoto wakasubiri bahati. Yeye hakusubiri mtu. Baba mpya akitoka langoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, tabasamu limemkaa usoni bila mpangilio, tayari ameshadakwa.

"Hongera, baba! Kilo ngapi?"

Hakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, wala mama mtu anaendeleaje. Kilo ngapi, basi. Sweta zake alizifuma kwa kilo, si kwa miezi kama wenzake, na alizipanga kwenye meza safu kwa safu: kilo mbili na nusu huku, kilo tatu hapa, tatu na nusu kule. Na aliyejibu kilo nne au zaidi hakuondoka hivi hivi. Huyo alipewa kofia bure, kofia nyekundu yenye kishungi cha manjano, na lango zima likapigiwa kelele lije limwone baba wa bingwa. Kofia ya bingwa ilijulikana hadi ndani ya wodi. Kuna wanaume waliodanganya gramu ili waipate. Mmoja, mtoto wake kilo tatu na robo tatu, alibembeleza kama mtu anayedai urithi, Mama Bondia akamrudisha: "Nenda baba, ukajitahidi tena mwakani." Watu wakavunjika mbavu.

Jina lake mwenyewe lilitokana na kilo. Mwanawe wa kwanza alizaliwa na kilo tano kasoro kidogo. Wauguzi wakaitana waje wamtazame, mmoja akamkunja vile vidole vyake akasema, "Huyu bondia huyu," na jina likaganda kwa mtoto na kwa mama yake. Wa pili, binti, akaja na kilo nne na nusu. Wauguzi wakapiga makofi tena. Hakuna aliyemtazama mama aliyelala pale akinywa jagi la maji kwa pumzi moja na kuomba jingine; hakuna aliyesema, hebu tumpime damu huyu. Makofi yale, ukiyafikiria leo, yanauma kuliko matusi.

Wa tatu alikuwa tumbo kubwa kupita yote mawili, akatoka kimya. Alikuwa na mashavu, ana nywele, ana miguu yenye mikunjo ya unono, hana pumzi. Familia ilikaa ikatafuta sababu na ikaipata karibu sana: wifi yake, dada wa mumewe, siku chache kabla alikuwa amelishika lile tumbo akacheka, "Mh, wifi, hili tumbo au ghala?" Basi, ikawa jicho. Wifi aliapa, alilia, alituma watu wazima waje kumsemea, mlango haukufunguliwa. Miaka ilipita wakipishana sokoni kama watu wasiojuana. Wifi akafa hawajasemezana, na Mama Bondia alikwenda msibani kwake akakaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya wengine.

Ukoo wa Mama Bondia, sasa, haukuwa na kisukari. Hilo wangekuapia wote. Bibi yao alikufa kwa mguu: alikanyaga msumari, kidonda kikakataa kupona, kikaoza, ikasemwa mzee alikanyaga kitu alichotegewa. Mjomba alikufa kwa figo. Mama mdogo alipofuka kwanza, ikasemwa ni moshi wa kuni, kisha akafa bila kusumbua mtu. Kila marehemu alikuwa na ugonjwa wake wa kujitegemea, na hakuna aliyewahi kuvikalisha vifo vile pamoja akavitazama sura. Kisukari kilikuwa cha wengine, wenye vitambi na magari, wanaokula keki. Yeye Mama Bondia alikuwa hata sukari ya chai haonji tangu usichana wake, na alipenda kuwakumbusha watu hivyo.

Ni kweli, chai yake ilikuwa chungu. Ila pembeni ya chai hiyo ilikaa nusu ya mkate mweupe, mchana sahani ya wali iliyopandishwa kichuguu, jioni viazi, na kati ya mlo na mlo alikaa yeye. Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Mashine ya kufumia ilikuwa kwenye chumba cha mbele, ubao mrefu wenye sindano ndogo zilizojipanga kama meno ya kitana, na juu yake kigari alichokivuta kushoto na kulia, kra-kra, kra-kra, tangu asubuhi. Kilichotembea mle chumbani ni kigari peke yake. Tumbo lake lilikuwa limefikia ukingo wa meza na kuuegemea. Vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi, akasema ni uzee. Uzi ulimponyoka machoni alipoutunga, akasema ni vumbi la sufu. Kiu aliipa jina la joto, na safari za chooni akazipa jina la kiu. Mwanamke mwerevu yule. Kila dalili iliyobisha hodi aliitafutia ukoo mwingine ikalale huko.

Binti yake alikuwa msusi, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya kuisubiri hadi watu wakaanza kumuuliza mumewe maswali ya pembeni. Mumewe, fundi umeme mpole asiye na maneno, alifurahi akapaka rangi chumba chao mwenyewe. Kwa Mama Bondia mimba ile ilikuwa kama kombe linalorudi nyumbani. Mjukuu. Alikuwa ameshamwambia kila muuza nguo pale langoni: "Subirini muone. Sisi hatuzai vifaranga."

Mchana mmoja binti alikuja kutoka kliniki, akajibwaga kwenye kochi na kuvua viatu vilivyokuwa vimemwacha alama miguuni.

"Mama, leo nimehojiwa kama mshtakiwa. Eti kwenu kuna kisukari? Nikasema hakuna. Eti mama yako alizaa watoto wa kilo ngapi? Nikamtajia. Wallahi, kalamu ilisimama."

"Ametaharuki," Mama Bondia alisema, akivuta kigari chake. "Nani huyo?"

"Yule mkunga mfupi, rafiki yako. Anasema lazima nipimwe. Unakwenda asubuhi na njaa, unanyweshwa maji ya sukari glasi nzima, unakaa, wanakutoa damu mara kadhaa. Bahati nzuri unga wenyewe wa sukari wa kupimia umekwisha. Amesema ukifika atanipigia."

Kigari kilisimama. "Wakunyweshe glasi ya sukari ili waone kama una sukari?"

"Ndivyo wanavyopima."

"Umtie mtu pesa mfukoni, kisha umpekue, useme mwizi! Si ndiyo hiyo? Wewe sukari hujaizoea, umelelewa na mimi. Ukiibugia glasi nzima na njaa, na kiumbe tumboni, ugonjwa si ndio utaingia hapo?"

Binti alicheka, akaomba maji. Akaomba tena. Mama yake akampa na mkate, akamwambia ale, wako wawili.

Mkunga mfupi alikuwa mwanamke wa mwendo wa haraka, anayeongea huku anaondoka. Alipenda sweta za Mama Bondia, akawapelekea akina mama waliokuja kujifungua bila nguo za mtoto. Lakini siku aliyopita na ule ujumbe hakuja kununua. Alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Unga umefika. Nampigia binti yako hapatikani."

"Simu yake iliangukia kwenye beseni la kuoshea nywele," Mama Bondia alisema. "Iko kwa fundi."

"Basi nifikishie. Aje kesho asubuhi, asile kitu. Asikose, mama. Ana kila kitu kinachonitisha: uzito wake, kazi isiyomtembeza, kuzaliwa kwake na kilo zile, na wewe."

"Na mimi nimefanyaje tena?"

"Ulizaa wawili wakubwa namna ile, wa tatu akafia tumboni. Si kila mtoto mkubwa ni kisukari, nisikudanganye. Lakini nikisikia hadithi kama hiyo silali. Na wewe ungepimwa. Bibi yako yule wa mguu, naye ningempima kama angekuwepo."

Mama Bondia akajinyoosha. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sukari sili. Hata kwenye chai. Sasa hicho kisukari kitoke wapi, kwenye chumvi?"

Mkunga hakucheka. Akamweleza, taratibu, kama anayemfundisha mtu njia ya kwake. Kwamba kijiko cha chai si ndicho chenye kesi. Mkate ni sukari ukishauvunja tumboni, na wali, na viazi. Vyote hivyo mwili huvigeuza sukari na kuimwaga kwenye damu. Kongosho, kidude kilichojificha nyuma ya tumbo, hutoa insulini, na insulini ndiyo huifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli ikafanye kazi. Mtu akibeba mafuta mengi kiunoni, akakaa kutwa, milango inakuwa mizito. Kongosho linasukuma, linasukuma, hadi linachoka. Wengine wamezaliwa kwenye ukoo ambao makongosho yake yanachoka mapema. Na mimba yenyewe huongeza uzito wa milango, kwa wanawake wote; aliye na nguvu anavuka, asiye nazo sukari inabaki inazurura kwenye damu.

"Na mtoto ndani anakula anacholetewa," alisema. "Sukari ya mama inampitia, ananenepa. Watu wanasema ameshiba. Hajashiba, amezidiwa. Akizidiwa sana huweza kuzimika huko huko ndani, siku chache kabla."

Mama Bondia alikuwa akizikunja kofia nyekundu, moja juu ya nyingine.

"Na hizo kofia zako zinaniudhi, nikuambie ukweli. Unaowapigia vigelegele ndio ninaowatafuta." Mkunga alisimama. "Kesho asubuhi. Asile kitu."

"Nitamwambia," alisema Mama Bondia.

Na alikusudia kumwambia. Hilo lisemwe, maana kuna watu huwa wanamfanya mnyama katika hadithi hii, na hakuwa mnyama. Alifunga meza yake mapema, akaenda kwenye saluni ya binti yake kwa mwendo wa miguu, neno likiwa mdomoni kabisa. Njiani likaanza kugeuka. Alifikiri juu ya wakwe: wakisikia kisukari watasema mwana wao ameoa ukoo mgonjwa. Alifikiri juu ya ile glasi. Alifikiri, na hapa ndipo palipomuuma zaidi, juu ya wa tatu wake. Kama mkunga yule anasema kweli, basi hapakuwa na jicho. Basi wifi alikuwa amelia kweli mlangoni pale, mwanamke asiye na kosa, na sasa amelala kaburini na hakuna wa kuombwa radhi. Yote hayo yaingie kwa sababu ya unga wa kliniki? Hapana. Mkunga mwenyewe hana mtoto hata mmoja, atajua nini.

Saluni ilikuwa na wateja watatu. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti, vidole vikikimbia kichwani mwa mtu, tumbo limemtangulia, uso unang'aa kwa jasho.

"Mama! Mkunga hajapita kwako? Nasubiri ile habari ya kupimwa, na simu ndiyo hiyo, imekufa."

"Wakikuhitaji watakuita," alisema Mama Bondia, akaketi.

Maneno mawili, yamekwisha. Mmoja wa wateja alilisifia tumbo, wakahamia kwenye majina ya watoto. Mkunga naye wiki ile alipewa likizo, akarudi akapangwa wodi nyingine, akadhani ujumbe umefika na wenzake wameshampima. Mwanamke mwenye mimba kubwa anayesubiri kuitwa husubiri tu, akiamini mambo ni salama ndiyo maana wamenyamaza.

Miezi ile ya mwisho Mama Bondia alifuma sweta ya kilo tano. Haikuwa kwenye safu zake. Aliianzishia kipimo kipya. Binti alikojoa, akanywa, akavimba, akalalamika macho yanaona ukungu. Mama yake akamwambia mimba ni kazi. Tumbo likawa la kuonyeshana. Wateja wa saluni waliligusa wakacheka, na binti akacheka nao, kwa sababu alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba ukubwa ni heri.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Binti alikuwa anamalizia nywele za bibi harusi, akaacha mikono hewani.

"Huyu hajanipiga teke tangu asubuhi," alisema.

Akampigia mama yake. Mama Bondia, kigari mkononi, alisema, "Amekua, nafasi imemwishia. Amelala." Lakini moyo wake ulimshuka hadi miguuni, kwenye vile vidole visivyosikia, na alikuwa mlangoni kabla simu haijakatika.

Alimkuta fundi umeme ameshamfikisha binti hospitali. Muuguzi kijana alipitisha kifaa juu ya tumbo, akakihamisha, akakihamisha tena, akasema ngoja nimwite daktari. Daktari naye akakihamisha. Binti akaanza kuwatazama nyuso mmoja mmoja, kama mtu anayeomba nauli. Kisha wakamwambia.

Alimzaa hata hivyo. Ilimbidi amzae, kwa uchungu ule ule wa wanaozaa walio hai, na bega lilikwama, na walihangaika naye muda mrefu. Alikuwa wa kiume. Kilo tano na kitu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Walimpima binti damu na sukari ikawa juu sana; daktari akauliza kama hakupimwa wakati wa mimba, binti akasema kwa sauti iliyokwisha, "Nilikuwa nasubiri kuitwa. Hawakuniita." Mama Bondia alikuwa ameushika mkono wake. Aliendelea kuushika.

Msibani wanawake walijaa chumba cha mbele, mashine imefunikwa shuka. Hawakuchelewa. Mmoja alinong'ona kwamba mtoto mkubwa vile, mwenye afya vile, hafi hivi hivi. Mwingine akauliza nani alikuwa akiingia ingia saluni. Jicho, wakasema. Hata yule wa tatu wa mama yake lilikuwa jicho, mnakumbuka? Wote wakamgeukia Mama Bondia, athibitishe, yeye mwenye uzoefu. Alikuwa anajua. Daktari alikuwa amesema mbele yake, kwa maneno yale yale ya mkunga. Hata hivyo aliitikia kwa kichwa. Wakashusha pumzi, wakaanza kuhesabu wateja wa saluni, yupi mwenye macho mabaya.

Bondia mwenyewe, yule mwana, alikuwa akifanya kazi ya ghala mji mwingine, mtu mnene sasa mwenye watoto wake. Dada yake alipompigia baada ya mazishi na kumwambia daktari amesema nini, alitoka kwanza penye watu.

"Mimi nameza vidonge mwaka wa pili sasa," alisema.

"Vidonge vya nini?"

"Vya hicho hicho."

"Kaka! Na ukanyamaza? Ungesema, si ningejua la kuwajibu kliniki?"

"Ningemwambia nani?" Bondia alisema. "Kwetu hakuna kisukari."

Binti alimsimulia mama yake mazungumzo hayo neno kwa neno, bila kumtazama, akikunja nguo. Kisha akamwambia avae viatu, wanakwenda kumpima naye. Hakuomba. Mama Bondia alivaa viatu.

Walikaa kwenye benchi la kliniki, miongoni mwa watu wenye bandeji miguuni na wengine wazima kabisa kwa kuwatazama. Binti alikuwa amepungua. Daktari alikuwa amemwambia sukari yake imeshuka baada ya kujifungua, kama inavyoshuka kwa wengi, lakini imeshaonyesha njia. Apunguze uzito, atembee, apimwe kila mwaka, na akibeba mimba nyingine asisubiri kuitwa na mtu. Mama yake alichomwa kidole. Mashine ndogo ikafikiri, ikaandika kumi na nane, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Muuguzi akarudia kwa mashine nyingine, akauliza tangu lini miguu imekufa ganzi. "Miaka," alisema Mama Bondia, na kwa mara ya kwanza hakuitafutia ganzi hiyo jina jingine.

Wakarudishwa benchini wasubiri dawa. Binti alikuwa anatazama ukuta wa mbele.

"Mama."

"Naam."

"Siku zile simu yangu imekufa. Mkunga alipita kwako?"

Sauti ilikuwa tulivu. Hapo ndipo neno lilipopata nafasi yake, nafasi pana, ya bure, hakuna mkwe, hakuna mteja, hakuna glasi. Lilikuwa limeiva kinywani tangu siku ile. Mama Bondia aliutazama ule uso wa mwanawe, akaona jinsi ngozi ilivyolegea chini ya macho, akaona kwamba akilisema atampoteza, na mdomo ukafanya kile ulichozoea kufanya.

"Hakupita," alisema.

"Haya, mama," alisema binti.

Wakaitwa dirishani. Binti alisikiliza maelezo yote, vidonge vya asubuhi, vya jioni, akauliza maswali mazuri, akatangulia nje kutafuta gari. Mama Bondia alikuwa anakokota miguu kwenye ujia alipokutana na mkunga mfupi, faili kwapani. Mkunga alisimama. Hakuwa na haraka safari hii.

"Pole, mama," alisema. "Nilikuwa naogopa kukutana na wewe. Nadhani ulisahau, watu husahau."

"Mwanangu, usimwambie," Mama Bondia alimshika mkono. "Nakuomba. Nitamwambia mwenyewe, taratibu, akipata nguvu."

Mkunga alihamisha faili kwapa jingine.

"Alinifuata wiki iliyopita," alisema. "Aliniuliza kwa nini sikumwita. Nilimwambia, mama. Nilidhani ameshakusemesha."

Ujia ulikuwa umejaa watu, wanapita na makaratasi yao, wanamgonga begani wakiomba radhi. Nje, binti alikuwa amesimama kando ya gari, ameufungua mlango wa nyuma na kuushikilia, anamsubiri mama yake aingie. Alimshika kiwiko asijikwae. Njia nzima alimweleza kuhusu mkate.

Tangu siku ile hajamkosea adabu hata mara moja. Uliza majirani, watakuambia Mama Bondia ana bahati ya mtoto. Kila Ijumaa saluni ikishafungwa binti anaingia, anasema shikamoo, ananawa mikono. Ndiye aliyeutoa ule mkate ndani ya nyumba, akapunguza kichuguu cha wali kikawa kijiko, akamlazimisha mama yake kutembea hadi langoni na kurudi badala ya kubebwa kwa gari. Anamchoma kidole, anasoma, anamwambia imepanda au imeshuka. Anapiga magoti sakafuni na kuichukua miguu ile mapajani mwake, anapekua kati ya kidole na kidole kutafuta kidonda, anakausha, anapaka mafuta. Mikono yake ni mikono ya msusi, haimuumizi mtu. Chai hanywi. Anasema ameshakunywa.

Mama Bondia huanza kujiandaa tangu Alhamisi. Hujisemesha peke yake juu ya mashine, hulipanga neno, hulianzia mbali, huliingiza kwa mlango wa nyuma. Leo nitamwambia. Anajua kwamba binti anajua. Binti anajua kwamba mama yake anajua. Kilichobaki ni kusema tu, na hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo kwa mwanamke aliyeuza kwa ulimi maisha yake yote.

Binti akishamaliza miguu huinuka, hufunga mashine ya kupimia kwenye kifuko chake, kisha huuliza, kila Ijumaa, kwa sauti ile ile ya kliniki:

"Kuna la kuniambia?"

"Kidole kidogo cha kushoto hakisikii vizuri."

"Hicho ulishaniambia. Kuna jingine?"

Na husubiri. Husimama pale na mkoba begani, anamtazama mama yake usoni, na husubiri muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa ajili ya kidole.

"Hakuna," husema Mama Bondia.

"Haya," husema binti, na kuondoka.